Una magemu ya PC tayari? Soma hii kabla hujanunua mashine ya gemu ya mkononi

Wengi wanaanza kuuliza ipi ina nguvu zaidi. Mi nasema anza na magemu uliyonayo, ndo yatakayokuchagulia mashine.

Hatua ya 1. Andika gemu unazocheza kweli, sio zile ulizonunua kwenye ofa afu hujawahi hata kuzifungua. Pembeni andika kila moja ipo wapi. Zikiwa karibu zote ni za Steam (duka la gemu za PC la mtandaoni), angalia Steam Deck ya Valve, wenye Steam, au Legion Go S yenye SteamOS, mfumo wa hao hao Valve. Kama umezoea Game Pass (ile huduma ya Microsoft unayolipia kila mwezi) na unataka kuzidaunlodi kabisa, chukua ya Windows kama ROG Ally, hapo hamna mjadala. Nintendo Switch ni tamu ila gemu zako za PC haziingii humo, utanunua upya. Na kama unachezea nyumbani tu, kwanza jaribu app ya Steam Link kwenye simu, ni ya bure, PC inafanya kazi huko chumbani we unacheza kitandani, huenda hata hiyo hela usiitoe.

Hatua ya 2. Gemu za onlaini, hapa ndo watu wanalia. SteamOS ni Linux, sio Windows, gemu za Windows zinapitia kitu kinaitwa Proton ili zicheze humo, na kwa gemu za stori mara nyingi inapiga kazi mpaka unasahau kama ipo, shida inakuja kwenye ule ulinzi wa kuzuia machiti. Fortnite na Valorant hazikubali, EA FC 25 hivyo hivyo, GTA Online ilikata Septemba 2024 japo stori ya GTA V inacheza freshi tu. Kwa hiyo kama we ni mtu wa FC na washkaji kila jioni, Windows. Kabla hujalipa ingia tovuti ya ProtonDB, watu wanaandika gemu gani inacheza, tafuta gemu moja moja, soma maoni ya karibuni maana ya 2022 yameshapitwa.

Hatua ya 3. Betri. Chukua Wh (ukubwa wa betri) gawanya kwa wati ambazo gemu inakula, unapata masaa. Steam Deck ya LCD ina 40, OLED 50, ROG Ally ya kwanza 40, Ally X 80. Gemu nzito ikila wati 20 kwenye betri ya 40, masaa mawili imeisha hiyo. Kwenye Deck bonyeza kitufe cha nukta tatu, nenda alama ya betri, shusha fremu ziwe 40 kwa sekunde, feni yenyewe utaisikia inatulia.

Hatua ya 4. Bando! Usidaunlodi upya gemu la GB 100 wakati lipo kwenye PC. Washa zote mbili, waifai moja, akaunti moja ya Steam, kwenye setingi za daunlodi ruhusu kuhamisha faili kwa mtandao wa ndani, afu bonyeza instoo kwenye mashine. Linahama toka PC, bando halisikii kitu.

Hatua ya 5. Kununua. Valve haiuzi Deck rasmi Tanzania wala Kenya, kwa hiyo utaagiza kwa mtu au utachukua iliyotumika, na warantii hapo usiitegemee. Ya Marekani itataka adapta ya pini tatu kwenye chaja. Kama ni iliyotumika, icheze hapo hapo bila chaja angalau nusu saa, zungusha analogi zote mbili afu ziachie uone kama mtu wa kwenye gemu anatembea mwenyewe, chomeka memori kadi yako uone inasoma. Na muuzaji aifomati mbele yako, akaunti yake itoke kabisa, ndo umpe hela.