Kupanga makazi kwenye sayari jitu: anza na hesabu ya kuelea

Kwanza liweke kando wazo la kuigeuza sayari nzima iwe ya kukalika. Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptun hazina ardhi ya kukanyaga. Ukizidi kushuka, gesi inazidi kubana na kupata joto. Chombo kidogo cha Galileo kilichozama Mshtarii tarehe 7 Desemba 1995 kilituma taarifa kwa takriban saa moja, kisha kikanyamaza kwenye shinikizo la baa 22 (baa 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya Dunia kwenye usawa wa bahari) na joto la nyuzi 150 hivi. Kumwaga oksijeni huko hakusaidii, maana kila kilo ya hidrojeni humeza kilo 8 za oksijeni na kuwa maji. Kuiondoa hidrojeni ndiyo balaa zaidi: kung'oa kilo moja kutoka Uranus kunahitaji megajuli 227 hivi, na kuondoa masi sawa na ya Dunia kungemaliza nishati yote ya Jua kwa siku 40, tena pasipo kupoteza chochote njiani.

Kwa hiyo unachogeuza ni chumba kinachoelea, na kazi ya kwanza ni kuchagua sayari na tabaka. Chukua tabaka la baa 1, ili kuta zisibebe tofauti ya shinikizo. Mshtarii inajiondoa yenyewe: mvutano wake ni mara 2.5 ya ule wa Dunia, na mikanda yake ya mionzi lazima uivuke kwenda na kurudi. Zohali ina mvutano mzuri, ila gesi yake ni karibu hidrojeni tupu, nyepesi mno kubeba kitu. Mita moja ya ujazo ina kilo 0.19 tu. Neptun ni kama Uranus, ila iko mbali zaidi na pepo zake hufika kilomita 2,000 kwa saa. Sisi tungechukua Uranus: mvutano ni asilimia 90 ya wa Dunia, na hewa yake ina heliamu asilimia 15 na methani asilimia 2 hivi. Mchanganyiko huo ndio unaoipa gesi uzito wa kubebea.

Hesabu yenyewe ni fupi. Zidisha shinikizo kwa paskali (baa 1 ni paskali 100,000) na masi ya moli, yaani ya moli moja ya gesi, kwa kilo, kisha gawanya kwa 8.314 mara joto la kelvini. Uranus, kwenye baa 1, ina kelvini 76 (nyuzi −197) na masi ya moli ya gramu 2.64, hivyo unapata kilo 0.42 kwa mita ya ujazo. Puto likijazwa gesi hiyohiyo na kupashwa hadi kelvini 200, ndani kunabaki kilo 0.16, na kila mita ya ujazo inainua kilo 0.26. Ukitumia hidrojeni safi, kelvini 150 zinatosha kuinua kiasi hichohicho.

Tuseme mzigo wote, pamoja na ngozi ya puto, ni tani 1,000. Ongeza akiba ya asilimia 10: unahitaji kama mita za ujazo milioni 4.2, yaani tufe lenye kipenyo cha mita 200 na ushei. Ngozi yake ni mita za mraba 130,000 hivi. Kwa nusu kilo kila mita, hizo ni tani 65. Kwa kinga inayopitisha wati 0.2 kwa kila mita ya mraba kwa kila kelvini, gesi ya huko itakula megawati 3.2 za joto, na hidrojeni safi megawati 1.9. Jua usilihesabu kabisa. Linaleta wati 3.7 tu kwa mita ya mraba. Ni kazi ya vinu vya nyuklia, na viwe viwili, kila kimoja kiweze kubeba mzigo wote peke yake. Kinu kikizima, ile akiba ya asilimia 10 inaisha ndani ya nusu siku, na huko hakuna chini pa kutua.

Kinga ya joto ndipo wengi wanapokosea. Hidrojeni hupitisha joto karibu mara 7 kuliko hewa, nayo hupenya kila tundu. Sufi ya kioo inayofanya kazi vizuri duniani itaonekana kama haipo. Tumia paneli zilizofungwa zenye ombwe ndani, na uziweke vipande vidogovidogo ili moja ikitoboka isiharibu zote.

Anza na puto lililo wazi chini, linalomeza gesi ya huko lenyewe likiwa linaanguka. Hidrojeni safi ya kulijaza ni karibu tani 700, na huwezi kuibeba kutoka nyumbani. Ukishatulia, washa mtambo wa kugandisha: methani inatoka kwanza, hidrojeni inakuwa kimiminika kwenye kelvini 20, na heliamu inabaki gesi. Hidrojeni irudishe kwenye puto kidogokidogo, ukiwa umeziba sehemu ya chini. Faida yake ni kwamba hidrojeni safi huinua kilo 0.10 hata ikipoa kabisa, ilhali gesi ya huko ikipoa hainui chochote.

Heliamu usiitupe. Hewa tunayoivuta ina kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kila mita ya chumba inalivuta puto chini kwa kilo 0.78. Weka heliamu badala ya nitrojeni, asilimia 79 kwa 21 za oksijeni, na kwenye nyuzi 17 uzito unashuka hadi kilo 0.41. Chumba kinakaribia kuelea chenyewe! Wapiga mbizi wa kina kirefu huvuta mchanganyiko wa aina hii. Sauti zitakuwa nyembamba, na kwa kuwa heliamu hunyang'anya mwili joto, chumba kitahitaji kuwa na joto zaidi ya kawaida.

Oksijeni itoke kwenye barafu ya miezi. Miranda, mmoja wa miezi ya Uranus, ina mvutano mdogo sana, na kilo 9 za maji hutoa kilo 8 za oksijeni. Chumba kikae na shinikizo lililozidi la nje kidogo, ili ufa uvujishe kwenda nje. Hidrojeni ikiingia, hewa inaweza kuwaka kuanzia asilimia 4. Kengele ilie kwenye 1.

Kuondoka hadi kwenye obiti ya Uranus kunataka kilomita 12.5 kwa sekunde, ukishatoa mzunguko wa sayari na kabla ya hasara za njiani. Roketi ya hidrojeni na oksijeni itaanza na uzito mara 17 ya ule unaofika juu. Ya nyuklia yenye hidrojeni, mara 4. Usipeleke watu kabla hiyo ya pili haijajaribiwa kutoka kwenye puto.

Kabla ya yote hayo, peleka kipimo. Chombo cha Voyager 2 kilipita Uranus tarehe 24 Januari 1986, na hakuna chombo kilichowahi kuingia ndani. Kiasi cha heliamu tunakijua kwa kupima kwa mbali tu. Kikiwa asilimia 12 badala ya 15, uwezo wa puto la hidrojeni kuinua unapungua kwa asilimia 4, karibu nusu ya akiba. Ngozi ya puto ikatwe baada ya namba hiyo kupatikana.