Jinsi ya Kujenga Ua wa Nyumba Mombasa Usiliwe na Chumvi

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda changu kiko Kisauni. Ukiacha madirisha na milango, kazi inayonipeleka majumbani mwa watu ni ua: kuuweka mpya, au kuung'oa uliokwisha kuliwa. Nyua nyingi nilizoziondoa Nyali, Shanzu na Likoni waya wake ulikuwa bado mzima katikati. Kilichooza ni viungo: nguzo inapoingia kwenye zege, waya ulipofungwa, fundi alipochomelea, chini ya fremu ya geti mahali mvua isipofika. Pesa yako iende huko kabla ya kwenda kwenye mapambo.

Kwanza jua chumvi inavyokufikia. Asubuhi, jua halijawa kali, pitisha kidole kwenye chuma cha dirisha linaloelekea baharini, kisha kilambe. Ukionja chumvi, uko mahali pakali hata kama bahari huioni. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma hukaa kimelowa hata siku isiyo na mvua. Upande unaopigwa na mvua huoshwa. Uliojificha hauoshwi, nao ndio unaotangulia kuoza.

Halafu tazama upepo. Kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Septemba, ina nguvu kuliko kaskazi. Ua wa mabati uliozibwa kutoka nguzo hadi nguzo ni tanga tu: unaushika upepo wote, na nguzo isiyo na mguu mzito inalala. Ua wenye nafasi za kupitisha hewa unateseka kidogo, na nyumba inapata ubaridi.

Kabla ya kuchimba, tafuta bikoni za kiwanja, yaani alama za mipaka. Usipoziona, mlipe mpima ardhi aje azionyeshe; ni nafuu kuliko kubomoa. Usiihamishe bikoni kwa mkono wako, ni kosa kisheria. Ukitaka ukuta wa mawe, ulizia kibali cha kaunti mapema. Na kuna hili letu la Mombasa: wengi tuna nyumba bila ardhi, tunamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Kama ndivyo ulivyo, zungumza naye kwanza, uafikiane naye kwa maandishi, na uchague ua unaoweza kufunguliwa na kuhamishwa. Inaniuma sana kumwona mama wa watu akitia akiba yake yote kwenye ukuta ambao kesho hawezi kuudai.

Ardhi ikiwa yako na mfuko ukiruhusu, mimi fundi wa vyuma nakwambia jenga kwa mawe ya matumbawe. Jiwe halina kutu. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 kwa tumbawe na chokaa, iko mdomoni mwa bahari, na kuta zake zimesimama. Uvike ukuta wako kofia ya zege juu ili maji yasiingie ndani, na uache matundu chini, maana maji ya masika yakikosa njia yatausukuma mpaka uiname.

Wengi watachagua waya, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Dukani kila waya ni "galvanaizi". Lakini kuna uliochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, na kuna uliopakwa zinki kwa umeme, yenye tabaka jembamba mno. Usome kwa macho. Wa kupakwa kwa umeme unang'aa na ni laini kama kijiko kipya. Uliochovywa ni wa kijivu, umefifia kidogo, na huenda ukaona vitone vya zinki vilivyogandia. Chukua huo wa kijivu. Ukipata uliochovywa na juu yake ukavikwa plastiki, bora zaidi, ila kagua ncha zilizokatwa, maana chumvi huingilia hapo na kutambaa ndani ya plastiki bila wewe kuona. Uulize geji pia, kipimo cha unene wa waya: namba ikipanda, waya unakonda. Geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 12 ni kama 2.6. Karibu na bahari usishuke chini ya unene wa geji 12. Nunua mita chache kwa mwaka huu na umalizie mwakani, lakini usinunue wembamba.

Mbao sizipendekezi sana, mchwa na unyevu huzigombania. Ukizitaka, nunua nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Makuti ni mazuri na ya bei nafuu, utayabadilisha tu. Boriti za mikoko usinunue kwa mtu asiye na kibali. Ua wa mimea naupenda: mhina unakatika vizuri na unavumilia jua. Mnyaa nao hushika upesi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo penye watoto usiupande.

Sasa nguzo. Za zege ndizo zinazofaa hapa, mradi nondo isikae karibu na ngozi. Nenda kwa muuzaji utazame zilizovunjika uwanjani kwake: ukiona nondo imefunikwa na zege nyembamba, ondoka. Nguzo nene yenye nondo iliyozikwa milimita 40 ndani ndiyo ya pwani. Chumvi ikifikia nondo, kutu huvimba na kutaka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka kutoka ndani.

Kwa sababu hiyo mchanga wa ufukweni haufai, uwe umetolewa bure vipi. Maji pia. Mama mmoja wa Shanzu aliniuliza, "Fundi, kwani maji ya kisima changu si maji?" Nikamwambia, "Mama, hebu yaonje." Alipoyaonja alimtuma kijana kwa mwenye mkokoteni akalete mitungi ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Changanya karai 1 la simiti, 2 ya mchanga, 3 ya kokoto, na maji ya kutosha kulainisha tu; zege ya majimaji ina vitundu.

Vuta uzi kutoka kona hadi kona, nguzo ziachane mita 2.5 hadi 3. Kwenye mchanga wa Bamburi zika futi 2 na nusu. Kwenye mwamba wa tumbawe futi 2 zatosha, ila utazipata kwa mtaimbo na jasho. Nguzo za kona na za geti zitegemezwe kwa mshazari pande zote mbili. Pima kila moja kwa timazi, na zege ya mguuni uiinamishe itoke kwenye nguzo, maji yasisimame hapo. Iache ikae wiki nzima, ukiinyeshea maji baridi, ndipo uvute waya.

Pitisha nyaya tatu za kukaza: juu, kati na chini. Wavu uachwe kama sentimita 5 juu ya udongo. Na nakusihi, usikubali fundi afungie kwa ule waya mweusi wa nondo. Hauna zinki hata chembe, unaoza wa kwanza, na wavu mzima unaning'inia.

Geti nalo: mtu akichomelea chuma chenye zinki, moto unaiunguza zinki yote pale, na moshi wake mweupe si wa kuvuta. Asugue kwa brashi ya waya mpaka king'ae, kisha apake rangi yenye unga wa zinki mara mbili kabla ya rangi ya juu. Rangi ya fedha peke yake ni urembo. Midomo ya paipu izibwe, bawaba ziwe nene zinazotiwa grisi, na kufuli liwe la shaba.

Ukishamaliza, Januari na Februari mvua zikiadimika, osha ua kwa maji baridi kila wiki, ukianzia chini ya fremu ya geti na nyuma ya nguzo. Ukiona kidoa cha kutu, kisugue kwa msasa na ukipake rangi siku hiyohiyo.