SOMO: Kufunga maboksi ya safari yanayovuliwa kwenye pikipiki

Tangu nirudi Tabora kutoka Kigoma na maboksi yangu mawili ya pembeni, haipiti wiki bila mtu kunisimamisha kituo cha mafuta na kuniuliza nimeyafungaje. Naandika mara moja, kwa utaratibu, ili anayeuliza kesho nimwelekeze hapa.

Kwanza, soma kitabu cha pikipiki yako ujue uzito unaoruhusiwa. Uzito huo ni jumla ya dereva, abiria na mizigo, pamoja na keria na maboksi yenyewe. Mimi sizidishi kilo 10 kila upande na kilo 5 kwenye keria ya nyuma.

Pili, vua kiti na vifuniko vya pembeni, kisha tafuta matundu ya bolti yaliyokwisha kuwepo: bolti za keria ya nyuma na zile zinazoshika pedeli za abiria. Ukihitaji bolti ndefu zaidi, nunua zenye namba 8.8 kichwani, yaani alama ya uimara wa bolti. Bolti isiyo na alama yoyote iache dukani.

Tatu, keria za pembeni zifungwe kwa bolti, zisichomelewe kwenye fremu. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma cha fremu pembeni mwa kiungo, na ufa ukianza hapo hutauona mpaka uwe mkubwa. Fundi akichomelea mabano, ayachomelee yakiwa yamevuliwa, mbali na pikipiki.

Nne, ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, usikaze hata moja mpaka ya mwisho iwe imeingia. Ukikaza ya kwanza kabisa, ya nne haitaliona tundu lake.

Tano, na hapa naomba usome polepole, unganisha keria ya kushoto na ya kulia kwa chuma kimoja kinachopita nyuma ya tairi, chini ya kibao cha namba. Safari yangu ya kwanza sikukiweka, kwa kuwa keria zilionekana imara nilipozitikisa uani. Nilipoipita Kaliua nikielekea Uvinza, kwenye kipande cha barabara chenye makorongo madogo madogo, nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Keria ya kushoto ilikuwa imepinda kwa ndani, kwa sababu kila shimo lilikuwa likilirusha boksi nje na kulirudisha, na chini hapakuwa na kitu cha kulizuia. Boksi lilikuwa limelalia tairi, na pembe yake ya chini ilikuwa imelika mpaka kanga za mke wangu zikawa zinachungulia barabarani. Nilikata tawi kavu, nikalichonga ncha mbili, nikalitanua kati ya keria zile mbili na kulifunga kwa mpira wa tyubu, huku mbung'o wakinishughulikia shingo. Tawi hilo lilinifikisha Kigoma mjini.

Nilikosea na mara ya pili. Kiungo cha chuma nilichotengenezesha Kigoma kilikaa karibu mno na tairi, kwa kuwa tulipima pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, tairi likiwa limening'inia. Basi pima hivi: ishushe chini, wapandishe watu wawili wazito, wa tatu aikandamize keria ya nyuma kwa nguvu zake zote mpaka shokapu zifike mwisho, ndipo uangalie nafasi. Ikipungua vidole vitatu, kirudishe kiungo nyuma zaidi. Pima pia upande wa ekzosi, kwa maana boksi la plastiki huyeyuka bila kutoa taarifa.

Sita, kila boksi lishikwe na kulabu mbili juu na pini moja yenye kufuli chini, na kati ya chuma na boksi uweke vipande vya mpira. Likigongwa na kiganja lisilie.

Saba, ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kitabu kinavyoelekeza kwa mzigo kamili, hakikisha indiketa, taa na namba vinaonekana, kisha ijaribu kwa safari fupi, kama mimi ninavyokwenda Kwihara, karibu na Tabora mjini, na kurudi. Ukirudi, kaza bolti zote upya. Zitakuwa zimelegea.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Urambo:* Mkuu, fundi wangu anasema achomelee tu kwenye fremu, ni haraka. Unashaurije?

Hatua ya tatu, ndugu. Iko palepale.

*Mwanachama wa Tabora mjini:* Mimi nina mwaka wa pili bila hicho kiungo na sijapata tatizo. Unatutisha bure.

Hukusema unabeba nini wala unapita wapi. Kwenye lami ya mjini, boksi likiwa na koti la mvua, hata mimi nisingekihitaji. Somo hili ni la mtu anayesafiri zaidi ya kilomita 400 na mzigo kamili.

*Mwanachama wa Kasulu:* Shikamoo kaka. Nikiweka mzigo wote kwenye boksi la nyuma, usukani unakuwa mwepesi na kutikisika. Kwa nini, wakati uzito ni uleule?

Marahaba, dada. Umeuliza vizuri. Fikiria ubao wa watoto wa kubembea, na ekseli ya nyuma ndiyo gogo lililo katikati. Kilichowekwa nyuma ya ekseli huibonyeza nyuma na kuiinua mbele, na kadiri kinavyokaa mbali ndivyo nguvu yake inavyokua. Tairi la mbele likipungukiwa na uzito haliishiki barabara sawasawa. Hamishia vitu vizito, kama spana, tyubu na maji, ndani ya maboksi ya pembeni, chini kabisa, upande ulio karibu na kiti, na nyuma ubakize nguo. Shokapu zako zikiwa na ringi ya kukazia springi, zipandishe ngazi moja, zote mbili sawa.

*Mwanachama wa Ujiji:* Vumbi linaingia kwenye boksi hata likifungwa.

Kata tyubu ya baiskeli kwa urefu, igundishe kuzunguka mdomo wa boksi, na mfuniko uikandamize.

*Mwanachama wa Kasulu:* Na mawese, kaka? Nataka kumletea mama Tabora lita kumi.

Gawa madumu mawili ya lita tano, moja kila upande, ili pikipiki isilale. Yasijazwe mpaka mdomoni, maana mafuta yakipata joto hutanuka. Chini ya kizibo weka kipande cha nailoni kabla ya kukaza. Dagaa wapande keria ya nyuma ndani ya mfuko wao. Boksi langu la kulia niliwapakia mara moja tu, na hadi leo nikilifungua paka wa jirani anakuja.