Mashamba ya maweni: pimeni kutoka shimoni, si kutoka kisimani

Katika mashamba ya maweni, yaani yenye udongo mchache juu ya mwamba wa matumbawe, ya kusini na mashariki mwa Unguja, upande wa Makunduchi, Jambiani na Paje, kuna kosa moja linalojirudia kila msimu, na wanaolifanya mara nyingi ni wakulima waangalifu. Rundo la samadi, mahali pa kuchanganyia viuatilifu na shimo la makopo matupu hupimiwa umbali kutoka kisimani. Mkulima huhesabu hatua thelathini, akaridhika kwamba kisima kimesalimika, kisha akamwaga samadi yake kando ya ufa wa jiwe ambao mtoto anaweza kuuziba kwa kiganja.

Kwenye udongo mzito, au kwenye kichanga kirefu, kipimo hicho kina maana yake, kwa sababu maji hushuka polepole na udongo huyachuja. Kwenye mwamba wa matumbawe hakina maana. Maji ya mvua, ambayo yana tindikali kidogo, yameula mwamba huo kwa maelfu ya miaka na kuuachia mifereji, mashimo na mapango, na ndiyo maana upande huo wa kisiwa hauna mito ya juu ya ardhi. Maji yakishaingia kwenye ufa au shimo la namna hiyo hayachujwi tena na kitu chochote. Kwa hiyo ufa ulio mita 200 kutoka kisimani unaweza kukiharibu kisima mapema kuliko samadi iliyo mita 20 kutoka hapo lakini imekaa juu ya udongo wa kina kirefu.

Wanaodhani kwamba ninatia chumvi waangalie yaliyotokea katika mji wa Walkerton, Kanada, Mei 2000. Mvua kubwa ilisukuma vimelea vya samadi ya ng'ombe kutoka shamba jirani hadi kwenye kisima kifupi cha mji, ndani ya mwamba wa chokaa wenye nyufa. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 waliugua. Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba mfugaji alikuwa amefuata taratibu zote za kutunza samadi, na hakulaumiwa. Vipimo vya kutia rangi majini ili kufuatilia mkondo wake, vilivyofanywa baadaye, vilionyesha kwamba maji chini ya mji huo yalikuwa yakisafiri mamia ya mita kwa siku, kasi ambayo wataalamu hawakuwa wameitarajia. Taratibu za samadi zilifuatwa, ila taratibu hizo hazikuzingatia nyufa.

Ramani ya nyufa na mashimo mkulima anaweza kuianza mwenyewe, na inatakiwa ianze na matembezi ndani ya saa 24 baada ya mvua kubwa ya masika. Si wiki ijayo, wala si kiangazi. Siku ya pili majani yanakuwa yameinuka tena, vijito vidogo vimekauka, na mahali maji yalipozama hapaonekani. Fuateni kila mkondo wa maji, hata wenye upana wa kidole, hadi mahali unapopotelea, na wekeni alama ya chokaa kando ya hapo papo hapo. Angalieni pia miti mikubwa inayostawi juu ya jiwe tupu, kwa kuwa mizizi yake huwa imefuata ufa, na vibonde vidogo vya mviringo ambavyo havijai maji hata mvua ikinyesha usiku kucha. Kibonde cha namna hiyo kina mdomo chini yake, hata kama umefunikwa na majani na mawe.

Kwa shimo ambalo hamna uhakika nalo, rudini alfajiri wakati wa kipupwe, Juni au Julai, kabla jua halijapanda. Washeni kumbi la nazi, mlishike karibu na mdomo wa shimo, mwuangalie moshi. Ukiinuka wima, huenda shimo ni fupi. Ukisukumwa nje au ukivutwa ndani ilhali upepo umetulia, hapo pana pango linalopumua, na shimo hilo liandikwe katika daraja la hatari kubwa bila mjadala. Nawaomba sana msimwage rangi, mafuta wala kitu chochote ili kujaribu maji yanatokea wapi. Jaribio la rangi ni kazi ya wataalamu wa maji, tena kwa idhini ya Mamlaka ya Maji Zanzibar, kwa sababu kuna watu wanaokunywa upande wa pili.

Sasa vipimo, ambavyo ndivyo vinavyonikera. Hatua si mita. Mtu mwenye hatua ya sentimita 70 akihesabu hatua 30 ametembea mita 21, na tofauti hiyo ya mita 9 ndiyo hasa sehemu ambayo samadi haikupaswa kufika. Simu nayo hukosea kiasi cha mita 5 pahali palipo wazi, na zaidi chini ya miti. Itumike kuonyesha shimo liko upande gani wa kijiji, si kupima ukingo wa shamba. Tumieni futi kamba ya mita 50, na kila shimo lipimwe kutoka alama mbili zisizohama, kwa mfano mnazi na nguzo ya mpaka. Andikeni vipimo vyote viwili vya umbali, pamoja na upande ambao shimo liko, kwa sababu bila upande huo duara mbili hukutana mahali pawili na ramani itakuwa na shimo ambalo halipo.

Choreni ramani kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 5, ili eka moja ya mraba iwe na pande za takriban sentimita 13 na ikae vizuri kwenye karatasi ya kawaida ya A4.

Kina cha udongo kipimwe kwa nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2, kila baada ya mita 10. Katika kila kituo, ichomekeni mara tatu, sentimita 30 mbali mbali, kisha mwandike kina kidogo kuliko vyote. Wengi huandika wastani, na wastani hapa ni uongo uliotiwa hesabu: nondo ikizama sentimita 90, 80 na 10, maji machafu yatapita pale penye 10. Chini ya sentimita 30 pakeni nyekundu, kati ya 30 na 100 njano, na zaidi ya mita 1 kijani. Mdomo wa shimo na ufa wowote ulio wazi ni nyekundu, pamoja na mita 30 kuuzunguka. Upande wa juu, ambako maji hutokea, ongezeni hadi mita 50. Ndani ya nyekundu hapawekwi samadi, hapachanganywi dawa, hapaoshwi bomba la mgongoni la kupulizia dawa, wala hapafungwi ng'ombe. Mita 10 za mwanzo kutoka mdomoni ziachiwe nyasi na vichaka, visikatwe wala visichomwe.

Mbolea ya dukani haina ruhusa ya pekee. Naitrati inayotokana na urea huyeyuka na kusafiri na maji; Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, na wanaoathirika mapema ni watoto wachanga. Kuchemsha maji hakuiondoi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na naitrati hubaki. Kwa wanaolima tungule na matikiti kwenye njano, gaweni mbolea mara tatu au nne kwa vipimo vidogo, na msiitie ikiwa mvua kubwa inatarajiwa ndani ya saa 48.

Shimo lisifukiwe kwa takataka, wala lisizibwe kwa zege, kwani maji yatatafuta ufa mwingine na huenda ukafunguka chini ya banda. Mizoga pia isitupwe humo, hata kama ndivyo ilivyofanywa tangu zamani.

Mkifanya haya, mtapunguza hatari ya uchafu wa shamba lenu kufika kisimani baada ya mvua kubwa, ila hamtaiondoa kabisa.

Rudieni matembezi kila masika, kwa sababu nyufa mpya hufunguka, na muandike tarehe juu ya ramani. Nakala moja ipelekwe kwa sheha, ili yeyote anayetaka kuchimba choo, karo au kisima aione kwanza, na nyingine ikae kwa jirani wa upande wa chini, ambaye shimo lenu ni tatizo lake zaidi kuliko lenu.