Macho ya mtoto njiti: shika tarehe mbili

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Binti yangu alizaliwa tarehe 3 Machi, mimba ikiwa na wiki 29, gramu 1150. Tarehe ya kujifungua niliyokuwa nimepewa kliniki ilikuwa 19 Mei. Tulipotoka wodi ya njiti nilipewa karatasi yenye uzito wake, dawa ya kuongeza damu na siku ya kurudi. Macho hayakutajwa kabisa. Aliyenishtua ni mama wa kitanda cha pili, mwenye pacha njiti: "Dada, umeambiwa lini unampeleka kupimwa macho?" Nikamjibu kwamba mbona macho yake mazuri tu. Akacheka, akasema hata ya wanawe yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo kabla hujafunga mizigo, andika tarehe mbili nyuma ya kadi ya mtoto: siku aliyozaliwa na siku aliyotakiwa kuzaliwa. Ya kwanza ni ya kupima. Hesabu wiki 4 kutoka hapo, hicho ndicho kipimo cha kwanza cha macho. Aliyezaliwa mapema sana, kabla ya wiki 27, husubiriwa afikishe wiki 31 za umri wa mimba, yaani wiki za tumboni ukijumlisha na za huku nje. Binti yangu hesabu iliangukia 31 Machi. Mimi nilifika wiki moja baadaye kwa kutojua. Usinifuate.

Usimwache nyumbani eti kwa sababu alikuwa mnene kidogo. Marekani hupima wenye gramu 1500 kushuka chini au wiki 30 kushuka chini, lakini India wamepandisha hadi walio chini ya gramu 2000 au wiki 34, kwa kuwa kule hata njiti wakubwa wameonekana kuumia. Wako akiwa chini ya kilo 2, au alikaa sana kwenye oksijeni, uliza.

Tatizo lenyewe halionekani kwa nje. Ndani ya jicho, kwa nyuma, kuna retina, utando unaopokea picha, na mishipa yake ya damu huanza kuota mimba ikiwa na wiki kama 16. Inaanzia katikati na kutambaa kwenda pembeni, kama unavyoshona ukielekea kwenye pindo, na hufika mwisho karibu na wiki ya 40. Mtoto wa wiki 29 anatoka tumboni pindo halijafikiwa. Huku nje oksijeni ni nyingi kuliko tumboni, basi mishipa inasimama. Baadaye ile sehemu isiyo na mishipa inalia njaa, mishipa mipya inaota ovyo, na ikizidi inaivuta retina mpaka ibanduke. Ndiyo maana manesi hawataki mashine ya kupima oksijeni ya damu isome 100 muda wote kwa njiti aliye kwenye oksijeni. Wanaichezea kati ya 90 na 95. Mimi nilikuwa nawasumbua, "Nesi, mwongezeeni, imeshuka 92!" Kumbe walikuwa wanayalinda macho yake.

Siku ya kipimo usimnyonyeshe akashiba karibu na zamu yake, atatapika. Mnyonyeshe mapema kidogo. Atatiwa matone ya kupanua mboni, zaidi ya mara moja, na mtasubiri kama saa nzima, kwa hiyo beba kanga mbili: moja ya kumfunga mikono isipapase, nyingine ya kumkinga na mwanga, maana mboni hubaki wazi saa kadhaa. Daktari anavaa taa kichwani, anashika lenzi mkononi, na jicho linashikwa wazi na kijiwaya. Atalia. Mimi nililia zaidi yake. Omba apewe maji ya sukari kidogo ulimini au maziwa yako, inapunguza maumivu. Kope zikivimba kidogo baadaye, ni kawaida. Ila njiti mdogo anaweza kusahau kupumua baada ya purukushani ile, kwa hiyo msikimbilie daladala. Kaeni pale kwanza aangaliwe.

Usitoke chumbani na neno "anaendelea vizuri" peke yake. Uliza mambo matatu na uyaandike: mishipa imefika wapi, ugonjwa uko hatua ya ngapi kama upo, na tunarudi lini. Hatua ziko 5. Ya 1 na ya 2 mara nyingi hupoa zenyewe, na binti yangu alikuwa ya 2, lakini tulirudi kila baada ya wiki mbili mpaka daktari aliposema mishipa imefika mwisho. Ukiambiwa anahitaji leza au sindano ya jicho, hiyo ifanyike ndani ya siku mbili tatu, haisubiri mshahara wala mjomba atoke safari. Azima nauli.

Sasa ile tarehe ya pili. Mwanzoni mwa Mei binti yangu alikuwa na miezi miwili, na mama mkwe akaanza: mtoto wa jirani wa umri huo anamcheka kila mtu, huyu mbona hata hatazami? Nikamwonyesha kalenda. "Mama, huyu kwa hesabu ya mimba bado hajazaliwa." Mambo ya kuona yahesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Kutabasamu kwa kukutazama ni wiki 6 hadi 8 baada ya hapo. Wangu alinichekea mwanzoni mwa Julai. Kufikia miezi 3 ya hesabu hiyo afuate kitu kwa macho, na kwenye miezi 4 au 5 anyooshe mkono akishike.

Kumzoesha hakuna gharama. Nilichukua futi kamba nikapima sentimita 25 kutoka usoni kwake, hapo ndipo anapoona vizuri mwanzoni, na ndipo uso wako ulipo ukimnyonyesha. Nilishona mabaki ya kitambaa cheusi na cheupe, mistari mipana, nikawa nakisogeza polepole kushoto na kulia. Akigeuza uso au akipiga chafya amechoka, acha. Tochi ya simu machoni, hapana.

Na wanja. Mama mkwe alileta kichupa kutoka Tanga. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, yanayodhuru ubongo, na kijiti chenyewe kinaingiza uchafu. Sikubishana naye mbele za watu. Nilimwomba tumpake akikua, akanielewa. Maziwa ya mama nayo ni ya kunywa, usimkamulie machoni.

Makengeza ya kuja na kuondoka si kitu mpaka kwenye miezi 4 ya hesabu ya pili. Yakibaki baada ya hapo, au macho yakitetema, au hakutazami kabisa akiwa na miezi 3 ya hesabu hiyo, au anajibonyeza macho kwa vidole, mpeleke. Picha ya fleshi ikionyesha mboni moja nyekundu na nyingine nyeupe, mpeleke kesho yake. Na mama aliyeambiwa ubongo wa mtoto uliumia ajue kuwa jicho linaweza kuwa zima, tatizo likawa kwenye ubongo unaosoma picha. Mwambie daktari habari hiyo.

Mishipa ikikomaa bado hamjamaliza. Njiti wengi hupata makengeza au kutoona mbali, kwa hiyo apimwe tena karibu na mwaka mmoja, kisha kabla ya chekechea. Wangu alipewa miwani akiwa na miaka 3. Alikuwa anaitupa. Nilitoboa ncha za mikono ya miwani, nikapitisha lastiki ya kiunoni ya sketi, upana wa nusu sentimita, ikazunguka kisogo. Lastiki ipimwe ikiwa imelegea, iache vidole viwili vipite.