AC kwa sola kwenye Kosta ya kulala: hesabu za Dodoma, sio za Dar

Wakuu, kila ikikaribia mwezi wa kumi maswali ya AC kwenye magari ya kulala yanaanza, na majibu mengi mnayopewa yametoka kwa watu wa pwani au Marekani, hali yao na yetu ni vitu viwili tofauti kabisa. Hapa naongelea Kosta, Hiace au Kanta uliyoigeuza chumba, iwe ya kazi za saiti, ya kuzunguka minadani au ya kupeleka familia kuona michoro ya Kolo kule Kondoa. AC bila jenereta inawezekana, na Dodoma ni rahisi kuliko Dar.

Kwanini? Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni kavu. Oktoba na Novemba mchana unagonga nyuzi 30 na ushee, lakini jua likizama joto linashuka, saa nne saa tano usiku unafungua dirisha la wavu, feni ndogo, unalala. Dar watu wanawasha mpaka alfajiri sababu ya unyevu. Huku joto kali linakuja saa zilezile jua linapiga paneli, kwa hiyo kazi kubwa ya AC inabebwa na paneli moja kwa moja na betri inabakiwa na masaa machache ya jioni. Fundi anayekupigia hesabu ya AC usiku kucha ukiwa Dodoma anakuuzia betri ambazo huzihitaji, ndo hivyo.

Kabla ya sola anza na gari lenyewe. Kosta ina vioo pande zote na hapo ndo joto linapoingilia, mapazia ya ndani yanasaidia kidogo tu maana joto limeshapita kioo, bora ufunike kwa nje na zile karatasi zinazong'aa kama fedha, au vile vioo usivyovihitaji uvizibe kabisa kwa bodi na povu la kuzuia joto. Paa lipake rangi nyeupe, weka povu juu ya siling, halafu kata chumba katikati kwa pazia zito ili upoze sehemu ya kulala tu. Kila wati ambayo AC haiihitaji ni wati hununui paneli wala betri yake, na povu ni bei chee ukilinganisha na betri za lithiamu.

Sasa AC. Zile za juu ya paa wanazofunga Wamarekani kwenye magari yao, nyingi ni BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), zinakula wati 1,300 mpaka 1,500 muda wote kompresa ikizunguka, na pale zinapowaka zinavuta mara kadhaa ya hapo ndo maana inveta ya sola, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, inajizima. Kama unayo tayari weka softi stata, kifaa cha kuiwasha kompresa taratibu. Kama unanunua upya chukua split (AC ya vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje) ya inveta, yaani kompresa yake inapunguza kasi yenyewe, ya BTU 9,000, ile ya hosipawa moja ya madukani, inaanza na wati 700 au 800 gari likiwa limechemka na chumba kikishapoa inashuka mpaka 300 hivi, na haina ule mshtuko wa kuwaka. Zipo pia AC za volti 24 za malori, hizi zinachukua moto kwenye betri bila inveta ya sola katikati, kwa mtu wa Hiace yenye nafasi finyu naziona nzuri sana.

Hesabu tunapiga kwa yuniti, zilezile za LUKU, yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Tuseme AC ya BTU 9,000 kutoka saa sita mchana mpaka saa kumi na moja jioni kwa wastani wa wati 500, hapo yuniti 2.5. Kutoka saa kumi na moja mpaka saa nne usiku wastani wa 350, hiyo ni yuniti 1.75. Jumla 4.25, ongeza asilimia 15 inayopotelea kwenye inveta ya sola na nyaya unakaribia 5. Upande wa paneli, huku unapata kama masaa matano na nusu ya jua kamili kwa siku, yaani jua la siku nzima likihesabiwa kama lingepiga kwa nguvu zake zote, kwa hiyo wati 1,200 mara 5.5 ni 6.6, toa robo ya joto, vumbi na mengineyo unabaki na yuniti 5 hivi. Inatosha AC lakini friji na chaji za simu zitalia, ndo maana nashauri paneli sita za wati 200 juu ya paa na mbili za kubeba zenye waya mrefu.

Zile za kubeba sio mapambo. Ukipaki juani paneli zinafurahi na chumba kinaiva, ukipaki kivulini chumba kinapoa na paneli zinakufa, ukiwa na za kubeba gari linakaa chini ya mwarobaini zenyewe unazitandaza juani. Usipaki chini ya mbuyu kiangazi ukadhani umepata kivuli, hauna majani muda huo, vile vivuli vya matawi vinakata paneli vipande vipande na zilizofungwa mfululizo zinashuka zote kwa sababu ya moja. Za juu ya paa usihangaike kuziinamisha, tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na Oktoba jua la saa sita na kitu linapita karibu juu ya utosi. Tatizo la kuzilaza ni vumbi, upepo wa Dodoma mnaujua, pitisha kitambaa chenye maji asubuhi kabla hazijapata moto. Acha pia nafasi ya vidole vinne chini yake hewa ipite, kila nyuzi moja juu ya 25 paneli inapoteza kama asilimia 0.35 mpaka 0.4, na kwenye paa la bati inafika nyuzi 60 bila shida.

Betri nenda na lithiamu ya aina inayoandikwa LiFePO4, volti 24 ampea 200, ni yuniti 5 na kidogo, ukitumia asilimia 80 unapata 4. Jioni AC inakula kama 2, friji na taa nusu, kinachobaki ni akiba ya asubuhi yenye mawingu. Mbili za jeli za volti 12 ampea 200 zinaonekana zinakaribiana kwenye karatasi ila unatakiwa kutumia nusu tu, yaani 2.4, usiku wa kwanza tu umeshazinyonga. Lithiamu nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikivuka nyuzi 45, na Kosta iliyofungwa vioo juani inavuka hapo, kwa hiyo iweke chini sakafuni penye upepo, mbali na injini.

Nimesema volti 24 kwa makusudi. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80, kwenye 24 ni nusu yake, waya unakuwa mwembamba na haupati moto. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, sio kwenye inveta, maana waya ukichunika katikati ya safari fyuzi ya mbali haikusaidii. Chaja kontrola, ile inayopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, iwe ya aina ya MPPT inayokamua paneli vizuri, na uangalie volti zake, paneli kubwa za wati 550 zinatoa karibu volti 50 zikiwa hazina mzigo, ukifunga mbili mfululizo kwenye kontrola ya volti 100 asubuhi ya baridi ya Julai, baridi inapopandisha volti za paneli, unaiunguza, chukua ya 150.

Kuanzia Desemba mpaka Aprili kuna siku za mawingu. Weka chaja ya kuvuta kutoka kwenye alteneta, ya ampea 20 kwa volti 24 inakupa nusu yuniti kwa kila saa ya kuendesha, Dodoma mpaka Iringa kupitia Mtera unafika na yuniti 2 mkononi. Na kiangazi kikavu kabisa, jaribu kwanza kile kipoza hewa cha maji, kinakula wati chini ya 100, Dar ni takataka ila hewa yetu kavu inakipa nguvu, ilimradi una maji na umeacha dirisha kidogo.

La mwisho ni mtikisiko, split haikutengenezwa kwa barabara za vumbi. Kile kipande cha nje cha AC kikae kwenye raba nyuma ya gari, mabomba ya shaba yazungushwe duara moja kabla ya kuingia ndani ili yapate pa kuchezea, na ukitoka njia mbovu paka povu la sabuni kwenye nati za mabomba, likitoa mapovu mwite fundi AC siku hiyohiyo kabla gesi haijaisha yote.