Kabla Hamjamwonyesha Mteja Skrini ya Kwanza

Timu ya wanafunzi inayokwenda Kirumba, jijini Mwanza, kumtengenezea mfanyabiashara wa dagaa mfumo wa mauzo, malizeni haya kabla hamjafungua kompyuta.

Mteueni mmoja wa kuongea na mteja. Wakimpigia watano, atabaki na ahadi tano.

Jueni mwenye uamuzi ni nani. Pengine mnayekaa naye ni kijana wa dukani, na mwenye mali yuko soko la Mwaloni anasimamia upakiaji.

Ulizeni vipimo. Gunia la dagaa waliokauka vizuri halilingani uzito na gunia la wenye unyevu. Mkigeuza gunia kuwa kilo kwa namba moja isiyobadilika, stoo na mizani havitakubaliana. Ulizeni na mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa sasa na kulipwa baadaye, hata kama mteja hakuitaja. Kwake ni kawaida mno hata haoni haja ya kuisema. Ikiingia wiki ya nane, mtafumua majedwali ya wateja, malipo na ripoti zote.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mzigo hupungua. Vikao virefu viwekeni siku hizo. Majaribio yafanyeni wakati wa giza, karani akiwa na foleni mbele yake.

Sasa skrini, na hapa ndipo timu nyingi huumia. Imechorwa kwa siku 2, inapendeza, nyuma yake hakuna hifadhidata. Mteja anabonyeza "Hifadhi", alama ya vema inatokea, naye anajua kazi imekwisha. Msimlaumu. Huyu hununua dagaa kwa kuwamwaga kiganjani: wakiwa wakavu, weupe, bila mchanga, bei inapatana. Anachokiona ndicho kilichopo. Kesho yake anamwambia karani aweke daftari kando. Namba zinazoingizwa zinakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya simu tu. Programu ikifungwa, zimefutika. Jumamosi anataka ripoti, haipo, na madeni ya wiki nzima hayakuandikwa popote. Timu, kwa kutaka kumtuliza, inaahidi mengine mapya, na muda uliobaki unaishia kwenye viraka.

Kwa hiyo kikao cha kwanza nendeni na michoro ya penseli, mumpe kalamu akate anachokikataa. Kisha, kabla ya urembo wowote, jengeni njia moja nzima: mauzo ya gunia moja, kutoka kitufe hadi hifadhidata hadi ripoti. Aingize mwenyewe, azime simu, aiwashe, alikute gunia lake. Skrini ambayo bado haifanyi kazi iandikwe MFANO kwa herufi kubwa, bei ziwe shilingi 1, na isibaki kwenye simu yake. Siku hiyohiyo mtumieni ujumbe mfupi: kinachofanya kazi, kisichofanya, na anachotakiwa kuwaletea yeye, kama orodha ya bei, pamoja na tarehe.

Kila nyongeza iandikieni siku itakazokula na kitu itakachokisukuma nje.

Akitaka risiti kwa SMS, mwambieni gharama mapema. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153 na kila kipande kinalipiwa. Kiemoji kimoja tu hushusha kikomo hadi 70.

Akitaka programu iwe Google Play, msimwambie "wiki ijayo". Usajili ni dola 25 mara moja, na akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 hudaiwa kwanza watu 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo.

Kikoa (anwani ya mfumo mtandaoni), seva na akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe yake. Ninyi mtahitimu, biashara itabaki.

Majina na namba za wadaiwa wake zisizunguke kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tarehe za mitihani mpeni mapema. Daftari nalo lisitupwe: liende sambamba na mfumo kwa wiki 2 angalau, jioni hesabu zilinganishwe, maana umeme hukatika na bando huisha katikati ya mauzo.